Gundi ya Unga

Jozi elfu nne na mia sita nilimshonea,
zote rangi ya waridi lililokaukia kitabuni,
zote hazina kushoto wala kulia:
kiatu cha baleti hutoka mkononi mwa fundi kikiwa kijinga,
mguu ndio unaokifundisha upande wake.

Mimi ni Nikodim wa ghorofa ya chini,
Leningrad, nyuma ya jukwaa, chumba kisicho na dirisha.
Watu walimwona kwa mbele.
Mimi nilimjua kwa nyayo.

Kapitolina Yevgrafova, binti wa dobi wa Kolomna.
Ana miaka tisa, wanamwinua mguu
kama wanunuzi wa farasi, na karani anaandika:
Nyonga nzuri. Shingo fupi.
Hiyo shingo fupi aliibeba miaka kumi,
akiyashusha mabega kila alfajiri, kidogo, kidogo tena,
mpaka magazeti yakasifu shingo ya bata maji.
Akakata kipande, akakibandika ukutani kwangu.
"Soma, Nikodim Savvich. Nimewadanganya wote."

Usiniulize alivyocheza.
Nilikuwa chini, nikiisikiliza dari.
Wengine walitua kama magunia ya viazi.
Yeye nilimtambua kwa kutomsikia.

Kisha majira ya baridi yale.
Mkate gramu mia na ishirini na tano,
na humo humo vumbi la mbao.
Alishuka ngazi ameshika ukuta, gunia begani.
"Gundi yako, fundi, ni ya kitu gani?"
"Unga wa ngano na maji."
"Basi tupike."

Tukazipasua ncha kwa kisu changu cha ngozi.
Kwanza jozi aliyochezea bibi harusi,
halafu ya mzimu wa ziwani,
halafu ile ya usiku waliposimama dakika ishirini wakipiga makofi.
Mchuzi wa kijivu, uzi wa hariri katikati ya meno.
Chumvi hatukuwa nayo.
Mama yake akameza vijiko viwili, akauliza:
"Huu ni mchezo gani, mwanangu?"
"Ni ule wa malkia, mama."
"Umepoa," akasema.

Februari tulimvuta juu ya kibao cha watoto cha kutelezea thelujini,
mimi mbele, Kapitolina nyuma,
vidole vya miguu vikitazama nje
kama watembeavyo wote wa kazi ile, hata msibani.

Amani iliporudi ndipo dunia ikamjua.
Huko Paris bwana mmoja mwenye glavu akamnong'oneza: baki.
Akarudi.
Mcheza kwao hutunzwa, nao walimtunza:
nishani, chumba cha mita nne kwa tatu,
na jiko la kushirikiana na familia tano,
mojawapo yenye tarumbeta.
Mimi aliniletea mkebe wa gundi ya Kifaransa.
Nikaionja kwa ncha ya ulimi.
"Je?"
"Hailiki."
Tulicheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

Alipotimiza arobaini na minne, kifundo kikakataa.
Hakuaga jukwaani. Maua hakuyataka.
Aliniletea jozi ambayo haijavaliwa:
"Mpe mwingine."
Mguu wa nani ungeingia humo?
Ipo rafuni bado.

Siku hizi yuko binti wa Vologda,
huvunja jozi tatu kwa usiku mmoja,
huzitupa pipani bila kuzitazama.
Simlaumu. Ameshiba,
na hicho ndicho tulichokiomba.

Jumanne wamekuja kuniambia Kapitolina amefariki,
wanataka viatu vya kumzikia.
Gundi ya kiwandani ipo, imejaa kabati zima.
Nimefunga mlango.
Nimekoroga unga, nikauangalia ukichemka polepole
mpaka ukaanza kuvuta.
Nikatia chumvi.