Mpingo Namba Mia na Kumi na Nne

Ulisimama bondeni, ng'ambo hii ya Mbwemkuru,
pale maji ya masika yanapopanda bila hodi
na yakishuka yanaivalisha miti yote
soksi za tope, za kufika gotini,
kama watoto wa shule waliosahauliwa.

Nilishaupima mara tatu.
Mara ya kwanza kwa utepe wa fundi cherehani,
kamati ilikuwa bado haina wake.
Usawa wa kifua: sentimita sabini na moja.
Miaka minne baadaye: sabini na mbili.
Nilicheka peke yangu. Mimi nilikuwa nimenenepa zaidi.

Kisha asubuhi ile, kisiki.
Moyo mweusi, pembeni pete ya njano,
unga wa msumeno umelala juu ya nyufa changa za udongo.
Sikuwa na haja ya kuuliza.
Kandambili ya kushoto, iliyoshonwa kwa waya,
ilikuwa imepiga chapa kwenye tope.
Waya ule nilimpa mimi.

Likonda. Tumbo moja.
Mwaka uliotangulia ufuta ulipanda bei mnadani
na kila mwenye jembe akaanza kulitazama bonde
kwa jicho la mnunuzi.
Udongo ule haudai mbolea, mto unauletea mlangoni.
Najua. Bati langu ni la ufuta.

Kwenye kikao Mzee Mnunduma alisafisha koo:
"Somoe, toka nje kidogo. Hili ni la damu yako."
Nikamjibu sitoki,
kalamu ya kamati ninayo mimi.

Elfu hamsini, au siku kumi za kufyeka njia ya moto
kabla majani hayajakauka.
Fedha hana. Alifyeka.
Siku tano tulipishana kama wapangaji.

Ya sita nikampelekea ming'oko ya kuchemsha.
Alikula ameupa mto uso, mimi mgongo.
Halafu, mdomo umejaa:
"Dada. Njoo uone."

Hatua mbili kutoka kwenye kisiki
mzizi ulikuwa umetoboa udongo.
Chipukizi, urefu wa kidole cha shahada,
majani sita,
miiba tayari.

Daftari lina safu moja ya hali ya mti
na maneno ya kuchagua ni matatu tu:
mzima, umeungua, umekatwa.
Niliandika: umekatwa.
Kisha, kwa herufi za kubana maana nafasi imekwisha:
una mtoto.

Sabini na moja ataifikia akiwa hai nani?
Si mimi. Si yeye. Labda hata wajukuu zake
watakuta bado unajikokota kwenye hamsini,
soksi zake miguuni,
kama watakuta bonde.

Nikauviringisha utepe, nikaurudisha mfukoni.
Likonda alikuwa ameshaingia kichakani
kutafuta miiba ya kuuzungushia, mbuzi wasiufikie.
Akageuka, panga juu,
akaniuliza kama na hiyo
inahitaji kibali.