Hadidu za Rejea

Niliagizwa niandike, kurasa sita, zisizidi,
za kumtafuta mshauri mwelekezi
atakayekuja kuipima amani ya Vingunguti.
Siku ishirini na mbili za kazi. Kodi ya zuio ndani ya bei.
Awe na shahada ya uzamili, uzoefu wa miaka saba,
ajue Kiswahili. (Hili niliongeza mwenyewe.)

Feni ya ofisi, huku Mikocheni, ilizunguka kwa mikwaruzo.
Nikafika kifungu cha tatu: Viashiria.
Ugomvi uliotokea una hesabu yake:
majeruhi wana kitanda, vibanda vina majivu,
polisi wana jalada.
Usiotokea nitauandikia nini?

Nikamkumbuka Mfaume, mnoa visu,
baiskeli yake imeinuliwa mguu mbele ya machinjio,
anakanyaga pedeli na haendi popote,
cheche zinamrukia kifuani kama zinamjua.
Tulimpa mafunzo ya siku mbili, fulana moja,
na namba ya kutumia ujumbe.
Akasema: nyie mna viashiria kumi na vinne,
mimi ninacho kimoja, pua.
Kisu cha mchinjaji hunuka mafuta ya mbuzi
hata ukikichemsha.
Kisichonuka kitu, kikaletwa magharibi
na kijana asiye na bucha, asiyeuliza bei,
hicho, mwanangu, si cha nyama.

Mwezi wa Machi, saa tano kasoro usiku,
simu ikatoa mwanga:
"Vinne havina harufu. Kijiwe cha relini."

Tukaenda. Mwenyekiti wa mtaa na kanzu yake ya kulalia,
Bi Somoe wa kamati na birika la chai ya tangawizi
utadhani tumeitiwa msiba.
Waligombea mita tatu za kivuli,
pa kuegesha pikipiki.
Tulikaa. Walitukanana mpaka matusi yakawaishia,
yakabaki majina yao tu,
yale waliyopewa na mama zao.
Alfajiri mmoja aliomba aongezewe sukari.
Basi. Habari yote ndiyo hiyo.
Kwenye jedwali la robo mwaka, mstari wa Machi,
tuliandika: hakuna tukio.

Zabuni zilifunguliwa Jumatatu, bahasha nane.
Tukawaita watatu, nikawauliza swali moja:
usiku ule utauhesabuje?
Dakta Rwegoshora alisema sampuli, kisha kundi linganishi,
mtaa usio na mradi, tuone huko wamekufa wangapi.
Hakusema kwa ubaya. Ni njia inayojulikana.
Wa pili alikuja na michoro, mizuri,
ya kijani cha jani la mgomba.
Bi Nakiete alinyamaza, akaulizia posho ya safari,
akanyamaza tena. Mkoba ukiwa tayari begani:
"Huyo mnoaji, ujumbe anautuma kwa salio la nani?"
Tukatazamana.
Mhasibu akaanza kutafuta kalamu aliyoishika.

Bei yake ilizidi kwa milioni mbili na nusu.
Tukamchukua Dakta.
Alikwenda, sitamsingizia, alishinda juani kutwa nzima,
akamuuliza Mfaume: katika kipimo cha moja mpaka tano,
unajisikia salama kiasi gani?
Mfaume akamtaka kwanza amshikie kisu,
apitishe kidole, auone ukali, ndipo amjibu.
Ripoti ina kurasa themanini na nne.
Jibu hilo halimo.

Mimi nimeongeza mstari kwenye bajeti ya mwakani,
kati ya wino wa printa na maji ya kunywa:
vocha, mnoa visu, elfu tano kwa mwezi.
Umerudishwa mara mbili, una alama ya kuuliza, nyekundu.
Nitaupeleka tena.

Jana, saa nne usiku, simu ilitoa mwanga.
Niliketi kitandani kabla sijasoma,
nikakipapasa kiatu kwa mguu.
"Leo vyote vinanuka. Laleni."