Hezi Thelathini na Nane

Usiguse kitufe bado, Rusbel. Keti.
Vua glavu moja, uweke kiganja kwenye bomba,
hapo rangi ilipochubuka.
Huo ni uji wa mwamba unaopita:
mawe yaliyosagwa kinuni hadi kuwa unga,
yakakorogwa kwa maji ya theluji,
na sasa yanapanda mlima kwenda bwawani,
upande ule ambao mimi na wewe hatujalala hata usiku mmoja.

Baba yangu, Hermógenes, alikesha hapa hapa
enzi za mota iliyojua mwendo mmoja tu.
Ikiwashwa ni mbio, ikizimwa ni kimya,
katikati hapakuwa na neno.
Uji ukipungua tangini alikaba vali kwa mikono miwili,
kama dereva anayekanyaga mafuta na breki pamoja,
na umeme ulilipiwa wote vilevile,
ukiteketea kooni mwa vali
kwa mlio uliolichukua sikio lake la kushoto.
Mezani tulipokezana kukaa kuliani kwake,
watoto sita, kwa zamu.

Lilipoletwa kabati hili la kijivu
alilizunguka kama mnunuzi wa punda,
akauliza meno yako wapi.
Halina meno, baba. Linaupokea umeme,
linaukatakata, linaufinyanga upya
kwa mapigo tunayoyataka sisi.
Tangi likijaa, mota hukaza mwendo.
Likishuka, hulegeza. Vali imeachwa wazi, ina kutu ya uvivu.
Hewa ya huku ni nyembamba, haipozi mtambo,
ndiyo maana likaagizwa kubwa kuliko hesabu,
kama sare ya mtoto anayekua.

Lakini sikiliza hili, halimo kwenye kitabu chao.

Mwezi wa saba, bili ilipomchoma,
Injinia Balarezo alipiga simu kutoka Lima:
Punguza, Eulogia. Hezi thelathini na nane zatosha.
Nikapunguza.
Bili ikapumua. Akanishukuru kwa jina langu kamili.
Saa nane usiku nikaweka kiganja, kama wewe sasa.
Juu ya bomba palitetemeka.
Chini yake, kimya.

Mchanga ulikuwa unatandika kitanda.

Haraka haraka haina baraka, sawa,
ila hapa polepole ndiyo maziko.
Jiwe haliogelei, Rusbel. Hubebwa mbio, au hukaa,
na likikaa huita mengine,
na asubuhi una kilomita tatu za bomba
lililogeuka jiwe moja refu.

Sikumpigia mtu simu.
Niliongeza moja. Nikangoja, mkono ukiganda.
Moja tena. Ukiamsha mchanga wote kwa pupa
utajikusanya mbele uzibe kama kizibo.
Arobaini. Arobaini na moja.
Kulipopambazuka chini ya bomba kulianza kukwaruza,
kwanza kama panya darini,
kisha kama soko.

Daftarini niliandika thelathini na nane.
Ule mwandiko uliopinda ni wangu, vidole vilikuwa vimekufa.
Kabati linaukumbuka ukweli,
ila hakuna aliyelifungua kuusoma.
Balarezo bado anawaonyesha wakubwa ile bili,
nami bado siishuki arobaini na moja.

Kinu kimeanza kuleta mawe mazito, unasikia?
Haya. Vaa glavu.
Ongeza moja.
Ngoja.