Pambizoni

Profesa Khelef kaandika vitabu vinne
juu ya sifa za Mungu: kuona, kusikia, kutaka.
Huku Wete wanamwuliza tu lini ataliezeka paa la mamaye.

Safari hii kaja na kioo cha kukuzia
kwa ajili ya mswada wa tauhidi
uliolala kashani mwa Bi Raya, chini ya nguo za eda.
Mchwa wameshakula mlango wa kadari.
Umesalia ukingo, na mkono wa mwanamke, wino wa masizi:
*Mvua. Karafuu zimelowa jamvini. Ya Latifu.*

Hauna jina, hauna tarehe.

Usiku tone linaanguka ndani ya beseni, jingine, jingine,
na yeye bado yuko kwenye *Ya*.