Palipobonyea

Ilifika chuoni Jumanne, juu ya mkokoteni,
imefungwa kamba ya katani kama mbuzi wa mahari aliyegoma njiani.
Kuku alikuwa ametaga ndani ya taa yake.
Mwalimu Wekulo akasema: huu ndio mtihani wenu,
muhula mmoja, alama mia,
na asiyetofautisha spana na kijiko aondoke sasa.

Tulibaki watatu: mimi, Abdinoor wa Pumwani, na Mumbua,
ambaye vidole vyake vilisikia meno ya bolti
jinsi wengine wanavyosikia jina lao katikati ya umati.

Tukaivua nguo zote.
Kila kiungo kwenye kopo la Kimbo,
kila kopo na karatasi yake: ya kushoto, ya kulia, sijui.
Kopo la sijui ndilo lililojaa kwanza.

Pistoni ilikuwa imeng'ang'ania silinda.
Tuliiloweka kwa mafuta taa siku kumi na moja.
Siku ya kumi na mbili Mumbua akaigonga mara moja, kwa kipande cha mti,
ikashuka taratibu
kama mtu anayekubali deni.

Spoki, Gikomba: tulilipia arobaini, tukafika na thelathini na nane.
Kabureta, Grogon: mwenye duka aliishika kiganjani,
akaipuliza, akacheka,
"Hii ni ya rika la baba. Naye siku hizi haamki bila kusukumwa."
Ekzosi ilichomelewa Kariobangi
na fundi ambaye hakupima chochote,
alifumba jicho moja tu, akakunja bomba.

Madigadi ya nyuma ilikuwa na bonde upande wa kushoto,
la mviringo, kana kwamba sahani iliegemezwa pale ikasahaulika.
Ajali, tukasema.
Abdinoor akaligonga siku mbili,
nyundo ya mpira, mfuko wa mchanga,
msasa, msasa laini zaidi, maji,
mpaka ungeweza kunyolea ndevu mbele ya lile bati.
Tukampigia makofi. Nilipiga na picha. Ninayo bado.

Siku ya maonyesho mjane wa mwenye pikipiki alikuja,
Bi. Rodah Ndonye, kofia ya sufi, mkoba kwapani.
Rangi hakuitazama.
Alizunguka nyuma, akaweka kiganja juu ya madigadi,
akakitelezesha, akakirudisha, akakitelezesha tena,
kama mtu anayepapasa swichi gizani
katika nyumba aliyokwisha kuihama.

"Alikuwa anabeba filamu," akasema.
Picha moja, sinema mbili.
Mkebe wa kwanza ukiisha mjini
Ndonye anaufunga nyuma, anaikata Pangani mbio,
na huko watu wameshaanza kukanyaga sakafu.
Mkebe ulikaa hapo. Miaka tisa, kila usiku,
ukilila bati kidogo kidogo.
"Mimi nilikuwa nauza njugu mlangoni.
Akichelewa, nauza zaidi.
Basi nikaanza kumpenda."

Abdinoor alitazama viatu vyake.
Tungeweza kutafuta mkebe, tukaligonga bonde upya,
lingekuwa uongo wenye umbo sahihi.

Mwalimu alitupa sabini na nane.
Kwenye safu ya bodi tulipata kumi kwa kumi.

Mumbua akapiga kiki. Mara ya nne ikawaka,
ikakohoa moshi wa buluu
juu ya meza ya wageni waheshimiwa na soda zao.
Bi. Rodah akainamisha sikio.
"Si sauti yake."
Akangoja. Injini ikatulia, ikaanza kujihesabia.
"Lakini haraka ni ile ile."

Kisha akauliza kama breki zinashika,
maana za Ndonye hazikuwahi kushika hata siku moja.

Tukatazamana.
Breki ya nyuma, kusema kweli,
ilikuwa bado kwenye kopo la sijui.