Mizani ya Sangara

Mizani tuliinunua Kirumba, kwa wakala aliyefunga biashara.
Kulabu yake bado ina magamba mawili matatu
yaliyokauka, yanang'aa kama kucha za mtoto.
Ilizoea sangara wa kilo arobaini,
mkia ukiburuta sakafuni.
Tukaitundika gunia la chupa tupu:
mshale haukutikisika.
"Imekufa," akasema Nkwabi.
Haijakufa. Imeshangaa.

Maana tulikuwa tumekusanya hewa,
hewa ya soda, hewa ya juisi ya embe,
hewa ya maji yaliyonywewa harusini na kusahauliwa.
Chupa hamsini na kitu ndiyo kilo,
na kilo ni shilingi mia tatu.
Mama Limi alipiga hesabu kwa kidole mavumbini,
akaifuta kwa kandambili kabla haijafika mwisho.

Kikao cha kwanza tulikuwa kumi na wanne,
saa mbili nzima tukagombea ufunguo
wa banda ambalo halijajengwa.
Kikao cha pili tulikuwa sita.
Kibali kilikuja na muhuri uliokolea wino upande mmoja,
kikitupa "eneo lisilo na matumizi"
kati ya jiwe kubwa na Mto Mirongo,
pale ambapo sisi watu wa Mabatini tulikuwa tukitupa
miaka yote, usiku, tukiangalia pembeni.
Lisilo na matumizi!

Jiwe likawa ukuta wa nyuma. Halikudai kodi.
Mabati manne juu,
na mbele, badala ya mlango, wavu kuukuu wa dagaa,
ambao kwa mara ya kwanza
ulivua bila kulowa.

Wiki ya tatu mshale uliruka.
Kilo saba! Gunia la Shigela, wa darasa la nne.
Tulipiga makofi, Nkwabi akapiga na mluzi.
Kisha nikalifungua:
chupa kumi na moja zimejaa maji hadi shingoni,
vifuniko vimekazwa kwa meno.
Mtoto hakukimbia.
"Shikamoo," akasema,
kana kwamba ndiyo kwanza anafika.

Wote walinitazama mimi, mwenye daftari.

Sikuwa nimewaambia kwamba naijua mizani hii.
Miaka tisa nilikuwa karani wa wakala yule,
na goti langu, hili la kulia,
lilijifunza kuinua mkia wa sangara kidogo tu,
kidogo tu,
wakati mvuvi amekaza macho kwenye mshale.
Robo kilo. Nusu, akiwa amechoka.
Walikuja wameloa, wakaondoka wanashukuru.

Nikachuchumaa karibu na mtoto.
Tukafungua chupa moja moja, tukamwaga,
maji yakashuka kwenye mchanga kurudi mtoni,
na hakuna aliyesema kitu.
Nikalitundika gunia upya,
nikarudi nyuma hatua mbili,
mbali na mizani, ili goti lisisogee lenyewe.
Kilo moja na nusu.
Nikamhesabia mia nne na hamsini, zote za sarafu.
Akazihesabu tena mbele yangu. Vizuri.

Halafu Machi ikamwaga mvua usiku kucha.
Asubuhi Mirongo ulikuwa mweupe kwa chupa,
za Igoma, za Nyakato, za wapi sijui,
zinagongana, zinapigana vikumbo kuelekea ziwani:
kazi yetu ya miezi mitatu
ikapita mbele yetu kabla ya chai,
na nyingine nyuma yake.
Wavu umekwenda. Bati moja limekwenda.
"Tunafunga?" akauliza Mama Limi,
na sauti yake haikuwa ya utani.

Nkwabi alikuna kichwa.
Shigela alikuwa ameshashuka,
tope magotini, shati la shule amelifunga kiunoni,
anadaka.
Kila chupa aliyoipata aliigeuza kichwa chini,
akangoja tone la mwisho,
ndipo akaturushia.

Nikafungua daftari.
Tarehe nikaikosea, nikaikata, nikaandika tena.