Jaza kwa Herufi Kubwa

Fomu ilikuwa na rangi ya chai iliyozidi maziwa,
na karani wa shule, pale Toa Payoh,
hakuinua uso.
Jina la baba? Kunjappan.
Kabila la baba? Mmalayali.
Akaandika: MHINDI.
Lugha ya mama?
Mama akafungua kinywa.
Karani alikuwa ameshaandika:
KITAMIL.

Mama yangu, Siew Choo, binti wa muuza samaki,
hajui Kitamil hata cha kuombea chumvi.
Baba naye hakijui. Chake ni Kimalayalam,
ndugu wa ziwa moja, alisema,
lakini ndugu hawavai kiatu kimoja.
Kwenye ngazi nikauliza:
hiyo lugha ya mama, ni ya mama yupi?
Baba akahema, ghorofa ya sita, ya saba.
"Mama mwenye nyumba," akasema,
na tukaendelea kupanda nyumba yake.

Bi Thangamani aliandika mvua ubaoni: mazhai.
Kwetu nilizoea mazha,
baba akipiga kelele mazha! mazha!
akikimbilia nguo zilizoanikwa kwenye mianzi dirishani.
Nikaandika mazha.
Wino mwekundu ukaninyeshea:
irabu moja imepungua, alama mbili zimekwenda.
Jioni baba akaishika karatasi,
akachungulia nje, kunanyesha,
akasema kwa Kiingereza
(ndicho tulichochangia sote nyumbani, kama nauli):
"Inalowesha vilevile."

Kiingereza hicho kilikuwa na kopo lake,
kopo la biskuti juu ya meza ya kiranja.
Neno la lugha nyingine kwenye varanda, senti kumi.
Siku niliyoteleza nikavunjika jino
niliita kwa Kiteochew, lugha ya Ah Ma,
mama wa mama yangu.
Senti kumi.
Nilizidondosha koponi, damu kidevuni,
nikifikiri: kumbe hata maumivu
yapange foleni kwanza, yatafsiriwe.

Ah Ma alikuwa na kisanduku cha redio ukutani.
Kila alasiri mzee mmoja alimsimulia humo
majambazi, majemadari, wake waliogeuka mbweha,
yote kwa Kiteochew, naye akimenya maharage
kwa mikono iliyosimama kila panga lilipoinuliwa.
Kisha mwezi mmoja kisanduku kikaanza Kimandarini.
Bango jipya chini, karibu na lifti, lilieleza kwa nini,
ila Ah Ma hakujua kusoma bango.
Hakukizima. Alikipangusa vumbi kila asubuhi,
kama mtu anayemtunzia mgeni kiti
na mgeni mwenyewe amekosea mlango.

Nilifaulu. Kitamil, alama ya juu kabisa,
cheti chenye muhuri. Kiingereza pia.
Nikiwa na ishirini na mbili wakaniita hospitalini,
kwa sababu muuguzi alizungumza Kimandarini,
daktari Kiingereza,
na mama alikuwa zamu kiwandani.
"Mfafanulie bibi yako," daktari akasema, akatazama saa.

Kiteochew changu kilikoma kukua nikiwa na miaka sita.
Kula. Oga. Lala. Uji umepoa. Usiguse moto.
Hakikuwa na ini. Hakikuwa na uvimbe.
Hakikuwa na "pengine miezi mitatu."
Nikasimama pale na vyeti vyangu vyote,
bubu kama kabati.

Nikaweka mkono tumboni pake.
Moto, nikasema. Ndani.
Kisha, kwa kuwa sikuwa na lingine:
Uji umepoa.

Akanitazama kwa muda mrefu.
Akacheka kwa pua, kicheko kidogo, kikavu,
akamgeukia mgonjwa wa kitanda cha pili,
akaninyooshea kidole: gaginang.
Wa kwetu.
Nikalirudia neno.
Hapana, akasema, sauti ishushe mwishoni,
nikalirudia,
hapana,
tena.